Chanjo Mia Nne Zasubiri Akidi

“Tangazo! Tangazo! Uongozi wa Kata ya Mikoroshi Mitatu unawataarifu wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba suala la watoto kuchanjwa au kutochanjwa mafua sasa limeundiwa kamati. Wananchi mnaombwa mtulie, muendelee na ujenzi wa taifa, na pale inapowezekana mjizuie kupiga chafya mpaka taarifa rasmi itakapotolewa. Asanteni kwa kunisikiliza.”

Tangazo hilo lilipita mitaa yote ya kata, huko nyuma ya Mbagala, kwa spika iliyofungwa juu ya bajaji. Aliyeliandika ni Gaudens, karani wa ofisi ya kata na katibu wa kamati hiyo mpya. Alisimama kibarazani akalisikiliza likififia kuelekea sokoni, na moyo ukamjaa fahari. Rasimu ya kwanza ilisema “msipige chafya,” basi. Yeye ndiye aliyeongeza “pale inapowezekana,” kwa kuwa aliamini serikali haina haja ya kuwa katili.

Gaudens alikuwa mtu wa Bukoba, miaka arobaini na mitatu, shati la mikono mirefu hata jua la Januari likiwaka vipi. Kwake yeye, jambo lisilo na namba ya kumbukumbu lilikuwa halijatokea.

Hili la mafua lilitokea mwezi Machi, kwa barua ya Nesi Najat, mkuu wa zahanati ya kata. Shirika moja la hisani lilikuwa limeleta chanjo mia nne za mafua makali, zichomwe kwa watoto kabla ya kipupwe. Najat aliandika mstari mmoja: “Chanjo zimefika, nianze Jumatatu?”

Ofisi nzima ilishtuka. Barua haikuwa na namba, haikuwa na “Yahusu,” na kibaya zaidi ilikuwa na alama ya kuuliza.

“Alama ya kuuliza inataka jibu,” alisema Mheshimiwa Twalib Mwinshehe. “Na jibu linataka kamati.”

Mheshimiwa Twalib, diwani, alikuwa mtu mzito wa kata, kwa cheo na kwa mizani. Alishawahi kuongoza kamati ya mitaro, kamati ya mbwa wasio na wenyewe, na kamati ya kutafuta jina la barabara ya sokoni. Mitaro ilikuwa bado imeziba, mbwa walikuwa wamezaa, na barabara watu waliiita Kwa Muuza Mkaa kama zamani. Lakini mihtasari ya vikao ilijaza makabati mawili, na wageni kutoka ngazi za juu wakija ndiyo waliyoonyeshwa.

Kikao cha kwanza kilikaa Aprili chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa, mvua ikipiga mabati. Wajumbe walikuwa saba, kila mmoja na chupa yake ya maji. Ajenda ilikuwa moja: tuchanje au tusichanje. Bwana Didas, mjumbe mwenye cheti cha mipango na sauti ya mtangazaji wa redio, aliinua mkono kabla sala ya kufungua haijaisha.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza tukubaliane tunapambana na nini. Ni mafua au ni homa? Kama ni mafua, hili ni suala la pua. Kama ni homa, ni suala la mwili mzima. Hatuwezi kuingia mwili mzima kwa bajeti ya pua!”

Wajumbe wakapiga meza. Vikao vitatu viliishia puani. Mwisho wakapatana kwamba adui ataitwa “changamoto ya msimu inayojitokeza zaidi maeneo ya usoni.” Gaudens akaandika, akapiga mstari kwa rula.

Katikati ya kikao cha nne mlango ukafunguliwa, akaingia Nesi Najat na sare yake, glavu moja bado mkononi.

“Shikamooni. Mie sikai, nimeacha foleni. Nauliza tu, nichanje au nisichanje? Chanjo ikishaingia mwilini inataka kama wiki mbili ndo ianze kumlinda mtoto. Hawa wadogo ambao hawajawahi kuchanjwa wanatakiwa warudi tena baada ya wiki nne. Kipupwe hicho kinakuja, na dawa zinaisha muda wake mwisho wa Agosti.”

“Nesi,” alisema Mheshimiwa kwa upole wa mtu aliyeshiba, “chanjo zina muda wa kuisha. Kamati haina.”

“Hilo nimeliona,” alisema Najat, akatoka.

Gaudens aliandika: *Mtaalamu wa afya alikubaliana na Mwenyekiti.*

Mei walishuka kwa wananchi kukusanya maoni. Gaudens alibeba fomu, Didas akabeba kipaza sauti. Sokoni walianza na mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki.

“Kwani nyie ndo wachoma sindano?” mama aliuliza.

“Hapana, mama, sisi tunachukua maoni.”

“Basi andika. Maoni yangu, sogea hapo, unaniziba wateja.”

Fundi viatu wa jirani yake alikuwa na fikra za kina zaidi. “Mie naulizaga hivi,” alisema, sindano ya kushonea mdomoni, “ukimziba mtoto mafua, yale makamasi yatatokea wapi? Si yatampanda kichwani?”

Didas akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefunuliwa jambo. Hoja ikaingia kwenye taarifa kwa jina la “angalizo la jamii kuhusu hatima ya kamasi.”

Halafu akaja binti mmoja na mtoto mgongoni. “Mie nataka mwanangu achanjwe. Lini?”

Gaudens aliigeuza fomu mbele na nyuma. Palikuwa na safu tatu za kuweka alama: *Anasitasita*, *Anasitasita Sana*, na *Mengineyo*. Akamweka Mengineyo. Hadi jua linaelekea kuzama, kati ya watu mia tatu na arobaini waliohojiwa, mia tatu na kumi na wawili walikuwa Mengineyo. Taarifa ilihitimisha kwamba msimamo wa wananchi walio wengi bado haujaeleweka.

Nyumbani kwa Gaudens msimamo ulieleweka vizuri. Mke wake, Kokushubila, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kila kipupwe aliona nusu ya darasa ikikohoa, nusu nyingine ikijifuta pua kwa daftari. Mtoto wao wa pekee, Blessing, miaka sita, alikuwa na pumu. Mafua ambayo kwa wenzake yalikuwa ya siku tatu, kwake yalishuka kifuani yakakaa.

“Baba Blessing, chanjo ziko kwenye friji la Najat, hapo tu nyuma ya msikiti. Daktari alishasema mtoto kama huyu ndiye wa kwanza. Mpeleke.”

“Mama Blessing, mimi ni katibu. Nikimtanguliza wa kwangu kabla kamati haijaamua, utakuwa mgongano wa maslahi.”

“Mgongano wa nini na nini?”

“Wa maslahi.”

Kokushubila alimvuta mtoto, akamwekea sikio kifuani, akasikiliza. “Mimi mgongano ninaousikia uko humu ndani.”

Gaudens aliinamia chai yake. Usimdhanie hakumpenda mwanawe. Alimpenda kiasi kwamba alikuwa akiamka kabla ya jua kuhakikisha pampu yake ya pumu iko kwenye mkoba wa shule. Ila aliipenda pia kamati, na aliamini kwa dhati kwamba vyote viwili vitafika salama, kimoja baada ya kingine.

Mwishoni mwa Juni, upepo wa baridi umeshaanza, kamati iliona kwamba imeiva kutoa tamko. Tamko haliwezi kutungwa Mbagala, kuna kelele. Wakaenda kwenye warsha ya siku tatu katika hoteli moja Mbezi Beach. Ukumbi ulikuwa na mapazia mazito, na kiyoyozi kilichowekwa baridi ya kugandisha samaki, kwa heshima ya wageni.

Didas alifika akikohoa. Aliposhauriwa arudi nyumbani alikataa katakata. “Mjumbe hasusi kikao kwa sababu ya pua,” alisema, akazunguka kumpa kila mtu mkono.

Siku ya pili wajumbe wawili walibaki vyumbani na mablanketi. Waliobaki watano, katibu akiwemo, wakaingia kifungu kigumu kuliko vyote: mtoto ni nani. Mheshimiwa alitahadharisha kwamba wakitaja umri, walio juu ya umri huo watajisikia kutengwa, na waliotengwa hupiga kura. Baada ya mabishano marefu ikapitishwa kwamba “mtoto ni mtu yeyote ambaye mzazi wake yu hai na anaweza kutoa ridhaa ya maandishi.”

“Na yatima, Mheshimiwa?” Gaudens aliuliza.

“Yatima tutawaundia kamati ndogo.”

Walikuwa wamebakiza aya ya mwisho simu ya Gaudens ilipotetema. Alikuwa mkewe.

“Blessing amebanwa. Pampu imegoma kumsaidia, nimemkimbiza hospitali. Yuko kwenye mashine. Njoo.”

Gaudens alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

“Katibu,” alisema Mheshimiwa, “pole sana. Lakini ukitoka, akidi inavunjika, na siku mbili zote zinakuwa bure. Tumebakiza neno moja tu.”

Neno lenyewe lilikuwa “huenda.” Tamko lilisema chanjo huenda ikawafaa watoto. Didas, macho mekundu, jasho likimtoka kwenye ubaridi ule, alitaka liwe “yumkini.”

Gaudens akaokota kiti, akakaa. Alikaa dakika ishirini. Kwenye muhtasari hazimo, na yeye mwenyewe hakumsimulia mtu, lakini alikaa, kalamu mkononi, mpaka ikapitishwa kwa kauli moja kwamba chanjo “huenda yumkini” ikawafaa watoto. Ndipo akatoka mbio, akapanda bodaboda toka Mbezi Beach hadi ng’ambo ya pili ya jiji, tai ikimpiga usoni njia nzima.

Alimkuta Blessing amekalishwa kitandani, kibarakoa cha plastiki kimemfunika pua na mdomo, mvuke wa dawa ukitoka pembeni. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Kokushubila alikuwa amemshika mgongo, wala hakugeuka.

“Nimewahi?” aliuliza Gaudens.

“Kuwahi nini? Kikao?”

Mtoto alimwona baba yake. Akakisogeza kibarakoa kidogo. “Baba, ulikuwa kazini?”

“Ndiyo, mama.”

“Huwa mnafanya kazi gani?”

Gaudens kwa miaka kumi na saba ya utumishi hakuwahi kukosa maneno. Angeweza kujaza ukurasa mzima kuhusu kitu ambacho hakipo. Safari hii alikirudisha kibarakoa puani kwa mtoto taratibu, akakishikilia kwa mkono wake mpaka dawa ikaisha.

Blessing aliruhusiwa siku ya tatu. Jumatatu yake Gaudens alirudi ofisini, akaikuta kimya. Kamati yote ilikuwa imelala. Didas alikuwa hospitali na dripu, waliobaki walikuwa majumbani wanajifukiza. Mbali na yeye, mzima alikuwa Mheshimiwa Twalib peke yake, naye alikuwa amejifungia nyumbani na kuamuru kila anayepiga simu asipige kwa karibu.

Gaudens alitoa jalada kabatini, kurasa mia mbili na kumi na nne, akaanza kusoma tangu mwanzo. Alikuwa anatafuta kifungu kilichomkataza Nesi Najat kuchanja. Alitaka akione, aelewe ni nini hasa kilichomkalisha zile dakika ishirini. Alisoma hadi adhuhuri. Alikuta pua, alikuta hatima ya kamasi, alikuta huenda na yumkini. Kifungu hakuna. Waraka wa kukataza haujawahi kuandikwa. Miezi mitatu na nusu kata nzima ilikuwa ikisubiri ruhusa ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekizuia.

Alichokikuta, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni kanuni ya kamati: akidi isipotimia kwa sababu ya ugonjwa, katibu ataendelea na shughuli za kawaida.

Akafunga jalada, akaenda kwa miguu hadi zahanati.

“Nesi, naomba kukuuliza kitaalamu. Kuchanja watoto, hapa kwenu, ni shughuli ya namna gani?”

Najat alimtazama kama anayempima homa kwa macho. “Kaka Gaudens, hapa hatuna shughuli ya kawaida zaidi ya hiyo. Hata kufagia tunafagiaga mara chache kuliko kuchanja.”

Gaudens akachukua karatasi, akaandika jibu la barua ya Machi. Lilikuwa na namba ya kumbukumbu, lilikuwa na “Yahusu,” na mwili wa barua ulikuwa na neno moja: *Chanja.* Chini yake akasaini kwa niaba ya kamati.

Siku iliyofuata foleni ilitoka mlango wa zahanati ikazunguka ukuta. Wale Mengineyo walikuja wote. Fundi viatu alileta wajukuu wawili, akaomba tu ahakikishiwe kwamba kamasi litaendelea kutumia njia yake ya zamani, Najat akamhakikishia. Yatima walikuja na bibi zao na shangazi zao, na Najat akaandika “mlezi” pale palipoandikwa mzazi, bila kuunda chochote. Blessing alichanjwa akiwa wa kumi na tisa, kwa sababu alifika wa kumi na tisa. Alilia kidogo, halafu akaomba aone sindano inaenda wapi ikitupwa.

Gaudens alikuwa mezani akiandika majina pale gari jeupe lilipopenya hadi mlangoni. Akashuka Mheshimiwa Twalib, barakoa mbili usoni moja juu ya nyingine.

“Katibu,” alinong’ona, “wewe na mimi tutazungumza baadaye kuhusu hii barua yako. Sasa hivi niingize. Didas hawezi kuinuka kitandani, na nilishikana naye mkono.”

“Shikamoo Mheshimiwa,” alisema Najat kutoka ndani, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. “Chanjo hizi za watoto.”

Mheshimiwa alivuta karatasi kutoka mfuko wa koti, akaikunjua. Ilikuwa tamko la Mbezi Beach. “Soma hapa. Mtoto ni mtu yeyote ambaye mzazi wake yu hai. Mama yangu yupo, mzima wa afya, Temeke. Kwa mujibu wa kamati mimi ni mtoto.”

Najat aliisoma karatasi mara mbili, kwa heshima zote.

“Kweli kabisa. Basi Mheshimiwa kaa kwenye benchi na wenzio, tumwite mama aje atoe ridhaa.”

Haikupita saa moja dereva akarudi na Bi Tunu, mama wa miaka themanini na moja, baibui jeusi, bakora mkononi. Alimkuta mwanawe wa miaka hamsini na minane amebanwa kwenye benchi fupi, magoti yamemfika kifuani, kulia kwake mtoto wa miaka minne, kushoto wa miaka mitano.

“Shikamoo Bi Tunu,” alisema Gaudens, akasimama.

“Marahaba, mwanangu. Huyu kafanya nini?”

“Hajafanya kitu, Bibi. Anataka sindano. Kanuni inataka ridhaa yako hapa.”

Bi Tunu hakuigusa kalamu. Aliitazama foleni toka mwanzo hadi mwisho, akina mama, watoto wanaokohoa, vikongwe na wajukuu. “Dawa hii imefika lini?”

“Machi, Bibi,” alijibu Najat.

“Na leo ni Julai. Ilikuwa wapi?”

“Kwenye friji. Kulikuwa na kamati.”

“Kamati ya nani?”

Watu walitazama angani, wengine ardhini. Mtoto wa kulia akamwonyesha Mheshimiwa kwa kidole, maana hakuwa amefundishwa itifaki.

“Twalib.”

“Naam, mama.”

“Ulikuwa ukijificha uvunguni ukiona sindano, nikikutoa kwa fagio. Leo umeiita mwenyewe, na watoto wa wenzio umewazuia miezi minne. Haya. Karatasi hii nimeiona. Si neno la kukurupuka. Marehemu baba yako hayupo, siwezi kukata shauri peke yangu. Nitawaita dada zako watano tukae. Wa Lindi simu yake haipatikani, tutamsubiri.”

“Mama, tutasubiri mpaka lini?”

“Umetoka tumboni kwangu na hujui kusubiri?”

Mheshimiwa alimgeukia Gaudens, macho yakimtoka juu ya barakoa. “Katibu! Sema kitu! Mpe kanuni!”

Gaudens aliikagua fomu tangu juu hadi chini, kwa uaminifu ule ule wa miaka kumi na saba.

“Kanuni ndiyo hiyo, Mheshimiwa. Mzazi bado hajaridhia.” Akainua kichwa. “Anayefuata!”

Bi Tunu akamshika mwanawe mkono, akamwinua kwenye benchi, akampangusa vumbi suruali kwa nyuma, na foleni ikasogea pembeni kuwapisha. Mheshimiwa Twalib Mwinshehe akaongozwa hadi kwenye gari, akigeuka kila hatua mbili kutazama kiti cha kuchanjia, ambacho sasa alikuwa amekikalia mtoto wa yule mama muuza samaki, mkono wa gauni umepandishwa, macho ameyafumba, anahesabu.